Kibali cha Mnyama si Kibali cha Shamba

Msimu wa uwindaji wa kitalii hufunguliwa Julai 1, na malalamiko yake si mageni. Gari limekatisha katikati ya mahindi, ng'ombe wametawanyika kwa mlio wa bunduki, na mwenye shamba akiuliza anaonyeshwa karatasi yenye mhuri.

Karatasi ni halali, hatubishi. Inamruhusu mwindaji kumpiga nyati katika kitalu alichopangiwa. Mnyamapori ni mali ya taifa na taifa limeshapokea ada yake. Lakini nyati hasimami hewani. Anasimama kwenye ardhi, na ardhi hiyo ina wenyewe. Ndani ya mapori ya akiba, ambako hakuna vijiji, hatuna neno. Kasheshe iko kwenye mapori tengefu, maeneo ya wazi na hifadhi za jamii, ambako kitalu na kijiji vinalala kitanda kimoja.

Wapo wanaojibu kwamba ardhi yote ya Tanzania ni ya umma, Rais ndiye mdhamini, basi mkulima hana cha kumzuia mtu. Hao wamesoma nusu ya sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, imeikabidhi halmashauri ya kijiji usimamizi wa ardhi ya kijiji, na inatamka kwamba hakimiliki ya kimila ina hadhi sawa na hati inayotolewa na Serikali. Mwenye ekari tatu za mtama Meatu anastahili kupigiwa hodi sawasawa na mwenye jumba Masaki.

Tena hodi hiyo isiishie kwa mwenyekiti. Mtindo tunaujua: mwenyekiti anapelekewa soda na paja la swala, wanakijiji wanapelekewa vumbi. Mwenyekiti si kijiji. Ipo halmashauri, upo mkutano mkuu, na yupo mwenye shamba lenyewe, ambaye mara nyingi ndiye wa mwisho kujua.

Mtihani mkubwa ni nyati aliyejeruhiwa. Miiko ya uwindaji iko wazi: ukimjeruhi mnyama, mfuate mpaka ummalize, usimwache ateseke. Sawa. Lakini nyati mwenye risasi tumboni hujificha kwenye kichaka kinene atakachokikuta, na pembezoni mwa kijiji kichaka hicho ni mahindi yaliyosalia shambani au korongo wanakopita watoto wa shule. Alfajiri mama anaingia na jembe lake, hana habari. Mwindaji anayekaa kimya ili asionekane amekosa shabaha anahatarisha roho za watu. Anayeingia kumsaka bila kumwambia mtu naye anawaweka wenyeji kwenye njia ya risasi. Uungwana ni mmoja tu: mtendaji wa kijiji apigiwe simu saa ileile, watu waondolewe, ndipo damu ifuatwe. Na mahindi yaliyolazwa na matairi yalipwe siku hiyohiyo, kabla gari halijaondoka.

Tusisahau nani anamlisha mnyama huyo. Tembo akimaliza shamba usiku mmoja, mkulima anaambiwa asubiri kifuta jasho. Tembo akimuua mtu, familia inasubiri kifuta machozi. Majina yenyewe yanakiri kwamba si fidia. Mtu anayebeba mzigo huo mwaka mzima kisha akapuuzwa siku mgeni anapokuja kuvuna, mtamlaumu vipi akinyamaza anapoona mitego ya waya ya majangili?

Serikali yenyewe inajua gharama ya kupuuza wenyeji. Loliondo, tangu kampuni ya uwindaji ya OBC ipewe kitalu mwaka 1992, mvutano haujaisha. Vigingi vya mpaka vya Juni 2022, vilivyotenga kilomita za mraba 1,500, vilisimikwa katikati ya vurugu na kesi mahakamani.

TAWA, mamlaka ya wanyamapori inayosimamia vitalu hivi, haihitaji kusubiri sheria mpya. Iongeze ukurasa mmoja kwenye kibali cha kuwinda nje ya mapori ya akiba: muhtasari wa kikao cha kijiji, njia ambazo magari yatapita, namba ya simu ya mtendaji, na kiwango cha malipo ya mazao yatakayoharibiwa. Mwindaji asiye na ukurasa huo asubiri kambini.