Risala ya wafanyakazi wa msituni na kiwandani kuhusu mabadiliko ya kazi na usalama wetu, Njombe na Makambako

Ndugu Mkurugenzi,
Ndugu mwakilishi wa Afisa Kazi,
Ndugu wageni kutoka Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA), Kanda ya Nyanda za Juu Kusini,
Ndugu wafanyakazi wenzetu,



Tunashukuru kupewa nafasi ya kusema leo, tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani. Tuliombwa risala iwe fupi na iwe ya pongezi. Kwa ufupi tutajitahidi. Pongezi nazo zipo, ila zitasubiri zamu yake.

Sisi ni wakataji miti, wapakiaji, waendesha misumeno, wapanga mbao na watia dawa nguzo. Gogo tunaliangusha kwenye vilima vya Njombe, linashuka kilometa sitini hivi mpaka Makambako, pale barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Tunduma na reli ya TAZARA, kisha linatoka kiwandani likiwa ubao au nguzo ya umeme. Katika safari hiyo yote kuna mkono wa mmoja wetu, na baadhi ya mikono hiyo leo haina vidole vyote.

Hatukuja kupinga mabadiliko. Wengi wetu tulianzia kwenye dingdong, ule msumeno wa mviringo unaozungushwa kwa injini ya dizeli na kuhamishwa kutoka shamba la miti hadi jingine, meno yako wazi, anayesukuma gogo amesimama mbele yake na gambuti zimejaa maranda. Mtu aliyetoka huko hahitaji kushawishiwa kuwa mashine ya kisasa ni bora. Kinachotuuma ni kwamba kila jambo jipya linatufikia likiwa limeshaamuliwa, limeshanunuliwa na limeshafungwa boliti. Tunaitwa kulizindua. Kulipanga hatuitwi.

Tuanze na msumeno mpya wa mkanda. Waliokuja kuufunga walitoa mafunzo ya nusu siku kwa zamu ya mchana. Zamu ya usiku ilijifunza kwa wenzao wakati wa kupokezana, na waliokuwa likizo walijifunza kwa kutazama. Maelekezo kwenye kisanduku cha umeme yameandikwa Kichina na Kiingereza. Kitufe chekundu cha kuzima kwa dharura kiko nyuma ya mwendeshaji, upande wa pili wa mkanda, kwa hiyo mtu akinaswa, mwenzake anayekimbilia kitufe hana budi kupita palepale penye hatari. Mpanga mabanzi yeyote angeyaona hayo kwa dakika moja kabla zege halijamwagwa. Tulipoyasema baadaye, tulijibiwa kwamba zege limeshakauka na kuhamisha kitufe ni gharama. Ndugu Mkurugenzi, zege hilo lilikauka kabla hatujaulizwa.

La pili ni zamu. Tulikuwa na zamu tatu, sasa tuna mbili za saa kumi na mbili, siku sita kwa juma. Tangazo lilibandikwa getini Ijumaa, utaratibu ukaanza Jumatatu. Tufanye hesabu pamoja, kwa sababu hesabu haina ubishi. Saa 72 kwa juma, toa saa moja ya chakula kila siku, zinabaki 66. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa juma. Saa 21 zinazobaki ni za ziada, na kwa majuma manne zinafika 84, wakati sheria hiyo hiyo inataka zisizidi 50 katika majuma manne, tena kwa makubaliano. Tunajua ipo nafasi ya kukubaliana kwa maandishi juu ya siku ndefu za kazi. Makubaliano hayo hatujawahi kuyasaini, na hata tungeyasaini, juma lake halizidi siku tano.

Tusiishie kwenye hesabu. Hapa kwetu Juni na Julai si miezi ya mchezo. Saa tisa usiku baridi inaingia kwenye mifupa, vidole vinakufa ganzi ndani ya glovu, na mtu aliyekaa macho tangu jioni ndiye anayeelekeza ubao kwenye meno ya chuma. Ajali nyingi tunazozijua sisi hutokea alfajiri. Ofisini hazionekani hivyo, kwa sababu daftari la ajali lina safu ya tarehe na halina safu ya saa. Na ikitokea, swali la kwanza la msimamizi ni kama majeruhi alikuwa amekunywa ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Hatuwatetei walevi, na mlevi asikaribie msumeno. Lakini ulanzi una msimu wake, nao ni wa mvua. Wa Julai waliumizwa na nini?

Sasa tunafika kwenye jambo ambalo tuna hakika lililetwa kwa nia njema, nalo ndilo limetudhuru kuliko mengine. Ni ule ubao mkubwa wa getini unaohesabu siku zilizopita bila ajali. Idara ikimaliza mwezi bila ajali, kila mmoja anapata posho. Ikitokea ajali moja, idara nzima inakosa. Aliyeubuni labda aliona jambo hilo limefaulu kwingine. Hapa matokeo yake ni haya: mtu anachanwa na ubao kiganjani, anajifunga kitambaa chooni, anarudi kwenye mstari akificha mkono mfukoni, kwa sababu anajua wenzake ishirini wamepanga kulipia ada za shule kwa posho ile. Mwingine alipondwa kidole cha mguu, akachechemea hadi mwisho wa zamu, akaenda duka la dawa kwa hela yake. Namba ya getini ikaendelea kupanda, tukapongezwa kikaoni.

Hasara haiishii kwenye maumivu. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulianza kazi mwaka 2015 kwa ajili ya watu kama sisi. Mchango anautoa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Lakini Mfuko hulipa ajali iliyotolewa taarifa. Kidole kilichofichwa chooni hakina fomu, hakina ripoti ya daktari, na kikija kukatwa mwezi wa tatu kwa kuoza, mwenyewe ataambiwa hakuna ushahidi kwamba aliumia kazini. Kwa hiyo kwa ajili ya posho ile ya mwezi mtu ananyang'anywa haki ya maisha yake yote, na wanaomnyang'anya ni rafiki zake, bila kutaka. Kiwanda nacho kinapoteza, kwa sababu ajali ndogo zilizofichwa ndizo zingeonyesha wapi kubwa itatokea.

Ubao huo tunaomba ushushwe. Posho ibaki, ila itolewe kwa kuripoti hatari: kinga iliyolegea, mkanda uliopasuka, sakafu yenye mafuta, mtu aliyenusurika. Idara itakayoleta taarifa nyingi zaidi na kuona zimefanyiwa kazi ndiyo ipongezwe.

Kuhusu wapakiaji tutasema kwa kifupi, ingawa wao wangestahili risala yao. Walipohamishiwa kwa wakala wa ajira, tuliambiwa hakuna kitakachobadilika ila jina kwenye karatasi ya malipo. Kofia ngumu ziliondoka, mafunzo ya siku ya kwanza yaliondoka, na vijana wapya wanaokotwa stendi asubuhi na kupandishwa juu ya magogo mchana. Tunataka kujua jambo moja tu: mpakiaji akiangukiwa na gogo kesho, nani anajaza fomu ya WCF, kampuni au wakala? Tumeuliza pande zote mbili, kila upande umeonyesha mwenzake.

Upande wa dawa ya nguzo tunaomba usikivu zaidi, kwa kuwa ajali yake haina kelele. Dawa ile ya kijani ni mchanganyiko wa shaba, kromiamu na aseniki. Inaingizwa kwenye nguzo ndani ya mtungi kwa mgandamizo, na nguzo ikitolewa inatakiwa kukaa ikichuruzika mpaka ikauke. Tangu lengo la nguzo kwa juma lilipoongezwa, zinapakiwa zikiwa bado zinadondosha. Wanaozibeba wanalowa mabegani. Ovaroli wanakwenda nazo nyumbani, zinafuliwa kwenye beseni moja na nguo za watoto. Shirika la Afya Duniani, kupitia wakala wake wa utafiti wa saratani, linaihesabu aseniki miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu, na vumbi la mbao liko kwenye kundi hilohilo. Marekani ilikoma kutumia dawa hii kwa mbao za nyumba za kuishi mwishoni mwa mwaka 2003, ingawa kwa nguzo inaendelea. Hatusemi kampuni iache kutia dawa nguzo. Bila dawa nguzo inaliwa na mchwa, na sisi tunakosa kazi. Tunasema lengo la juma lihesabiwe kwa nguzo zilizokauka, ovaroli zifuliwe hapahapa kiwandani, liwepo bafu la kuoga kabla ya kutoka, na watia dawa wapimwe afya, mkojo na ngozi vikiwemo, kama Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inavyotaka wafanyakazi wapimwe kabla ya kuanza kazi na mara kwa mara baada ya hapo. Majibu apewe mwenye mwili wake. Siyo kufungiwa kabatini.

Tuliahidi pongezi, na hapa ndipo mahali pake. Msituni Njombe, mwaka jana, msimamizi wa kikosi cha ukataji alitaka kuongeza kasi kwa kuwachanganya wenye chenso, yaani misumeno ya mnyororo, na wavutaji magogo eneo moja. Kabla ya kuanza aliwakalisha chini ya mti na kuwauliza wanaonaje. Wazee wa chenso wakamwambia mti ukianguka haumchagui mtu, na kwamba kanuni ya kazi ile ni kila asiyehusika kukaa mbali angalau mara mbili ya urefu wa mti. Mzee mmoja alisimama akapima kwa hatua mbele yao, mpaka akatokomea kichakani, ndipo watu wakaelewa mara mbili ya urefu wa mti ni umbali gani. Wakapanga upya: wakataji wanatangulia kitalu kimoja, wavutaji wanafuata kwenye kitalu kilichomalizika jana. Kasi ikaongezeka, na tangu hapo hakuna aliyeumizwa na mti unaoanguka. Jambo lile lilimgharimu msimamizi asubuhi moja. Tunampongeza kwa moyo wote, na tunashangaa kwa nini lililowezekana msituni linashindikana kiwandani penye viti na meza.

Kwa hiyo ombi letu kubwa ni hili. Kuanzia leo, mashine mpya isifungwe, zamu isibadilishwe, dawa isiletwe, lengo lisipandishwe na kazi isipewe wakala kabla hatari zake hazijatathminiwa kwa maandishi na wawakilishi wa usalama na afya wakiwa mezani. Wawakilishi hao sheria inawataka. Hapa wapo kwenye karatasi: wawili kati yao walijua kuwa wameteuliwa siku wakaguzi walipokuja. Tunaomba tuwachague wenyewe, mmoja kutoka kila zamu, mmoja watia dawa, mmoja msituni, na mmoja kutoka kwa wapakiaji hata kama jina lake liko kwa wakala. Wapelekwe mafunzo ya OSHA kwa gharama ya kampuni, na wapewe uwezo wa kusimamisha mashine hatari bila kuomba ruhusa kwa simu.

Kwa yaliyokwisha kufanyika, kitufe cha dharura kihamishwe, zege livunjwe kama ni lazima. Maelekezo yaandikwe kwa Kiswahili na kila zamu ifundishwe upya, siku nzima, na fundi anayeweza kuulizwa maswali. Zamu tatu zirudi wakati mazungumzo yakiendelea, na saa za ziada tulizokwisha kufanya zilipwe kwa kiwango cha sheria, mara moja na nusu, pamoja na nyongeza ya asilimia 5 kwa saa za usiku. Daftari la ajali liwekewe safu ya saa. Hilo la mwisho linahitaji rula na kalamu tu, laweza kufanyika mchana huu.

Mwezi Juni mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama na yenye afya kati ya haki za msingi kazini, sawa na uhuru wa kujiunga na chama cha wafanyakazi. Hatukuhitaji shirika hilo la Geneva litufundishe kuogopa msumeno, ila ni vizuri kujua kuwa tunachoomba si fadhila.

Ndugu Mkurugenzi, risala hii ina nakala tatu: moja kwako, moja kwa Afisa Kazi, moja kwa wageni wetu wa OSHA. Tunaomba majibu kwa maandishi ndani ya siku thelathini, yabandikwe palepale getini lilipobandikwa tangazo la zamu. Yasipopatikana, tutalipeleka suala hili kupitia chama chetu mpaka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Tungependa zaidi tukutane nawe mezani kabla ya hapo, na siku yoyote utakayotaja tutakuja.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi wafanyakazi wa msituni, Njombe, na wa kiwandani, Makambako.