Daraja Tunalo, Nani Atalipima Kutu?

Makamanda, daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025. Ni kilomita 3 juu ya ziwa, na aliyewahi kukwama kwenye foleni ya kivuko anajua maana yake. Hatupingi daraja. Tunauliza tu: miaka 20 ijayo, nani atazipima zile nyaya za chuma?

Waliojenga ni kampuni za Kichina. MV Mwanza, mkandarasi katoka Korea Kusini. Kiwanda cha kusafisha dhahabu kilichozinduliwa hapa Mwanza Juni 2021, STAMICO ina asilimia 25. Wengine ni wabia wa Dubai na Singapore. Ziwa letu, dhahabu yetu, kodi zetu. Utaalamu wa kuja.

Utaalamu huo unasomewa. Unaitwa sayansi na uhandisi wa vifaa: kwa nini chuma kinashika kutu, zege linapasuka lini, dhahabu inatenganishwaje na uchafu wake. Digrii ya kwanza haitoshi. Unataka uzamili na uzamivu, miaka kadhaa ndani ya maabara yenye mashine za bei mbaya.

Sasa kijana wa Igoma akiutaka, afunge safari hadi Arusha, Taasisi ya Nelson Mandela iliyoanza kupokea wanafunzi 2011, au aende Dar. Ada, chumba, kemikali za majaribio: mama anayeuza dagaa Kirumba atazitoa wapi?

Watatuambia bajeti ndogo. Jamani, nchi za Umoja wa Afrika zilijiwekea lengo la asilimia 1 ya pato la taifa kwenda kwenye utafiti, na sisi hatujafika. Lakini mbona mashangingi hayaishiwi mafuta?

Madai yetu matatu:

1. Maabara ya utafiti wa vifaa Kanda ya Ziwa. Pa kuanzia papo: DIT Kampasi ya Mwanza tayari inafundisha teknolojia ya ngozi.

2. Kila mkataba mkubwa na mkandarasi wa nje utaje idadi ya Watanzania watakaosomeshwa uzamili kwa hela ya mradi huo.

3. Sehemu ya mrabaha wa dhahabu ya Geita ilipie watafiti wetu.

Kutu haisubiri uchaguzi. Mbunge akija mtaani kwako, muulize haya kabla hajaanza kugawa fulana.