Majibu ya vipimo si mali ya maabara

Wadau, leo sina habari ya simu mpya wala programu ya bure ya kupakua. Leo nina hasira.

Majuzi nilikuwa Lodwar kwa shughuli zangu, nikampeleka jamaa yangu hospitali. Kwenye benchi nikakaa na mama mmoja aliyetoka Kakuma, karibu kilomita 120 kwa barabara. Alikuwa na upungufu wa damu. Kituo kilichomtuma kilikuwa kimempima siku mbili kabla, lakini majibu yalibaki huko huko kwenye faili.

"Mama, itabidi tupime tena," muuguzi akamwambia.

"Si juzi tu walinitoa damu, mwanangu?"

Akatobolewa tena, akalipa tena, akasubiri tena. Mtu aliyepungukiwa damu!

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, kwa hiyo nawaambia waziwazi: shida hapa si kompyuta. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kuweka rekodi za wagonjwa kwenye kompyuta. Kutokana na kazi ile, mwaka 2004 ikaanza OpenMRS, programu huria ambayo KenyaEMR imejengwa juu yake. Kuna hata misimbo ya kimataifa ya vipimo, LOINC. Hemoglobini ni 718-7, iwe Kakuma au Chicago. Mashine mbili zikitumia msimbo huo, zinaelewana.

Kisingizio cha kwanza: mtandao wa Turkana ni mbovu. Sawa, unakatika. Lakini jibu la kipimo kimoja ni kilobaiti chache tu. Linakaa foleni kwenye kompyuta ya kituo, mtandao ukirudi linakwenda. Tena mwaka 2015 WFP ilianza Bamba Chakula kambini Kakuma, wakimbizi wakawa wanapokea sehemu ya posho yao kupitia laini ya simu. Thamani ya unga ilifika kwenye simu, hemoglobini ishindwe?

Kisingizio cha pili: siri ya mgonjwa. Hili nalichukulia kwa uzito, hasa kwa mkimbizi anayeogopa jina lake lisifike kwa asiyehusika. Lakini siri inalindwa kwa ruhusa ya mgonjwa mwenyewe, na kwa kumbukumbu inayoonyesha kila aliyefungua rekodi yake. Kumficha mgonjwa majibu yake mwenyewe si kulinda siri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inampa haki ya kuona taarifa zake.

Wengine watasema mtu atasoma habari mbaya kwenye simu kabla ya kuonana na daktari. Kweli, inaumiza. Basi majibu mazito daktari ayaseme kwanza ana kwa ana, ila kwa muda uliowekwa, si milele.

Mwaka 2023 Kenya ilipitisha Sheria ya Afya ya Kidijitali, yenye wakala wake na mpango wa mfumo mmoja wa taarifa za afya nchi nzima. Vizuri. Lakini mfumo bila sharti ni bomba bila maji. Marekani ilipitisha sheria mwaka 2016, na kanuni za kuwazuia watoa huduma kukalia taarifa za wagonjwa zikaanza kazi Aprili 2021. Hawakusubiri hospitali zijisikie.

Nataka hivi. Kila maabara, ya serikali, ya misheni, ya shirika au ya mtu binafsi, iingize majibu kwenye rekodi ya mgonjwa ndani ya saa 24 baada ya kuyathibitisha, au mara tu mtandao unaporudi. Na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, isilipe kipimo chochote ambacho majibu yake hayamo kwenye rekodi. Mkigusa malipo, mtashangaa jinsi kompyuta zitakavyoanza kuongea.

Damu ni ya yule mama. Majibu yake pia ni yake, na yalipaswa kufika Lodwar kabla yake.