Watoto wetu wafundishwe kutunga

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu ufundishaji wa insha katika shule zetu za msingi.

Katika mitihani ya darasa la saba iliyoanza kusahihishwa kwa kompyuta mwaka 2012, karatasi ya Kiswahili ilikuwa na sehemu iliyoitwa Utungaji. Lakini mtoto hakutunga kitu. Alipewa sentensi zilizovurugwa, akazipanga kwa herufi A, B, C na D. Kupanga sentensi za mtu mwingine si kutunga, na kwa kuwa shule hufundisha kinachotahiniwa, insha ilianza kusahauliwa madarasani.

Hasara yake tunaiona mitaani. Kijana aliyehitimu hawezi kuandika barua ya kuomba kazi mpaka atafute mtu wa kumwandikia. Kikundi cha akina mama kinakosa katibu wa kuandika muhtasari wa kikao. Mwananchi aliyedhulumiwa shamba anashindwa kueleza malalamiko yake kwa Afisa Mtendaji, kisha haki yake inapotea. Mwalimu Nyerere alisema katika Elimu ya Kujitegemea, mwaka 1967, kwamba elimu ya msingi lazima iwe elimu kamili. Je, elimu isiyomwezesha mtu kuandika shida yake mwenyewe ni kamili?

Wapo watakaosema kwamba walimu wana wanafunzi wengi mno. Ni kweli, mwalimu mwenye watoto 80, akitumia dakika tano kwa kila daftari, atahitaji zaidi ya saa sita. Lakini kazi hiyo inaweza kugawanywa. Watoto wanane wakiandika insha kila siku ya masomo, mwalimu atasahihisha kwa dakika 40 tu, na baada ya majuma mawili darasa zima litakuwa limeandika.

Insha yenyewe iwe fupi, nusu ukurasa, na ihusu mambo wanayoyajua: barua kwa mjomba, taarifa ya mbuzi aliyepotea, maelezo ya jinsi ya kupika ugali. Mwalimu asijaze wino mwekundu kila mstari. Aonyeshe makosa mawili makubwa, kisha mtoto aiandike upya. Mtoto hujifunza hasa pale anaporudia, siyo anapopewa alama tu.

Wenzetu wa Kenya, mpaka mtihani wao wa mwisho wa KCPE mwaka 2023, walikuwa na karatasi ya Insha iliyoandikwa kwa mkono na kusomwa na walimu. Kwa hiyo jambo hili linawezekana.

Nawaomba wahusika katika Wizara ya Elimu na Baraza la Mitihani wahakikishe kwamba kila mtoto anayemaliza shule ya msingi anapimwa kwa insha aliyoitunga mwenyewe. Samaki mkunje angali mbichi.

Mzazi,
Morogoro.