Nani Ahesabu Mpunga wa Mwea?

Mabishano ya mchele ya mwaka 2025 yalizua kelele nyingi, lakini funzo lake bado halijasomwa. Mwezi wa Julai mwaka huo serikali ya Kenya ilitangaza kwamba tani 500,000 za mchele zingeruhusiwa kuingia nchini bila ushuru, kwa hoja kuwa mazao ya nyumbani hayatoshi. Wakulima wa Mwea wakang'aka, wakisema wanao mchele ghalani usio na mnunuzi. Mwezi wa Agosti Mahakama Kuu ya Kerugoya ikasimamisha tangazo hilo, kisha baadaye ikaruhusu nusu yake tu, yaani tani 250,000. Kila upande ulikuwa na takwimu zake. Mwananchi wa kawaida hakuwa na mizani ya kuzipimia.

Sikusudii kuamua leo ni nani aliyekuwa na haki. Ninalouliza ni hili: katika zama hizi ambapo setilaiti hupita juu ya mashamba yetu kila baada ya siku chache, kwa nini hesabu ya mpunga ibaki mikononi mwa wachache?

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Watu wa Mwea wanaujua ukweli wa methali hii kuliko wengine, kwani kwa miaka mingi daftari lao lilishikwa na mtu mwingine. Skimu ya Mwea ilianzishwa katikati ya miaka ya 1950, wakati wa Hali ya Hatari, na mifereji yake ikachimbwa kwa jasho la wafungwa wa Mau Mau. Waliopewa mashamba, kwa kawaida ekari nne kila mmoja, walikuwa wapangaji na si wenyeji wenye hati. Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1966, ndiyo iliyogawa maji, kukusanya mpunga, kuuza, na kumweleza mkulima kilichobaki baada ya makato. Mwaka 1998 wakulima walichoka, wakaiasi Bodi na kupeleka mpunga wao katika chama chao cha ushirika. Ulikuwa ugomvi wa bei na ardhi, naam, lakini ulikuwa pia ugomvi wa hesabu.

Sasa tutazame chombo kipya. Setilaiti za Sentinel-2 za Umoja wa Ulaya, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2015, huipiga dunia picha ambamo kila nukta ni mraba wa mita 10 kwa mita 10. Shamba la ekari nne, kwa hesabu hiyo, lina nukta zipatazo 160, nazo zatosha kuonyesha kama limelimwa, limekauka au limekomaa. Mawingu ya Mlima Kenya yakitanda, zipo setilaiti za rada, Sentinel-1, ambazo huona usiku na mchana na kupenya mawingu. Jaruba lililojazwa maji kwa ajili ya kupandikiza miche huonekana jeusi katika picha ya rada, kwa kuwa maji tulivu hairudishi mwangwi wake kwenye setilaiti. Mpunga unapokua, weusi ule hufifia. Anayezifuatilia picha hizo msimu mzima anaweza kujua ni ekari ngapi zilizopandwa, na lini.

Zamani elimu hii ilikuwa ya matajiri. Setilaiti ya kwanza ya mfululizo wa Landsat ilirushwa na Marekani mwaka 1972, lakini katika miaka ya 1980 picha yake moja iliweza kugharimu zaidi ya dola 4,000. Ni mwaka 2008 ndipo picha hizo zilipotolewa bure. Hata hivyo bure ile ilikuwa na mtego wake: picha ni nzito mno, na shule yenye kompyuta tano na intaneti ya kusuasua ingewezaje kuzipakua, sembuse kuzichambua?

Jibu limekuja kwa njia ya majukwaa ya wingu. Maana yake ni rahisi: badala ya kuzileta picha kwako, unaipeleka kazi yako kule ziliko, katika kompyuta kubwa za mbali, ukarudishiwa jibu peke yake. Google Earth Engine imefanya hivyo tangu mwaka 2010. Kwa bara letu, mwaka 2018 ulianzishwa mradi wa kuzipanga picha za Kenya, Tanzania, Ghana, Senegal na Sierra Leone, nao ukafuatwa na Digital Earth Africa, unaolihudumia bara zima. Picha za mradi huo zimehifadhiwa Cape Town, katika kompyuta za kampuni ya Amazon, na mtu yeyote aweza kujiandikisha na kuzitumia bila malipo, pamoja na programu zilizoandikwa na wenzake.

Hapa ndipo ninapotaka wasomaji wangu wasimame kidogo. Uwazi huu ni neema, lakini bado ni neema ya kukaribishwa katika nyumba ya mwingine. Microsoft nayo ilikuwa na ukumbi wa kompyuta uliotumiwa bure na wanasayansi wa dunia. Juni 2024 ikaufunga. Google Earth Engine, tangu mwaka 2022, huwatoza wanaoitumia kwa biashara. Kibaya zaidi, mtandao wa FEWS NET, ulioanzishwa na Marekani mwaka 1985 kutoa tahadhari ya njaa, ulizimwa Januari 2025 misaada iliposimamishwa huko Washington, na miezi ikapita kabla haujarejea. Mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Tufanye nini basi? Tuikatae neema? La hasha! Tuingie, lakini tuingie kama washirika. Setilaiti huona rangi na mwangwi. Haijui jina la mmea mpaka mtu wa mahali amwambie. Ramani ya mashamba ya Afrika iliyotolewa na Digital Earth Africa ilihitaji wataalamu wa kanda mbalimbali, wakiwamo wa kituo cha RCMRD kilichoko Nairobi tangu mwaka 1975, kubainisha shamba ni lipi na nyika ni ipi. Mwanafunzi wa Wang'uru anayejua kwamba jaruba hili limepandwa pishori na lile limeachiwa maotea ana elimu ambayo hakuna kompyuta ya Cape Town inayo. Asiyekuwapo na lake halipo.

Wako watakaosema kwamba jicho hili litamdhuru mkulima, litumike kumtoza ada ya maji au kumpokonya shamba. Hofu hiyo ina msingi katika historia niliyoitaja. Lakini jicho limekwisha kuwa angani, nasi hatuwezi kulifumba. Serikali itaona, na wafanyabiashara wa mchele wataona. Asipojifunza kuona mwenye shamba, atabaki yeye peke yake gizani.

Wala tusiitukuze setilaiti kupita kiasi. Huona shamba, haioni ghala. Huhesabu ekari, magunia huyakisia tu. Lakini Bwawa la Thiba, lililoanza kujazwa Oktoba 2022, lilijengwa kwa ahadi ya kupanua kilimo kutoka ekari 25,000 hadi 35,000. Ahadi ya ekari ni ahadi ambayo darasa la jiografia laweza kuikagua, msimu kwa msimu.

Nyeri haiko mbali, na Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi kina taasisi inayofundisha taaluma hii. Kuna pia Chuo Kikuu cha Kirinyaga. Walimu wa vyuo hivyo na wa shule za sekondari za Mwea wakishikana, waweza kutoa kila msimu hesabu ya wazi ya ekari zilizopandwa, pamoja na njia iliyotumika, ili yeyote mwenye shaka airudie mwenyewe. Nayo serikali, kupitia Shirika la Anga la Kenya, ihifadhi nakala ya picha za nchi yetu katika kompyuta zilizo hapa nyumbani, ili siku mlango wa ng'ambo ukifungwa tusibaki kubisha hodi.

Siku mabishano ya mchele yatakapofika tena mahakamani, na yatafika, ingefaa hakimu akute mezani hesabu iliyoandikwa Mwea.