Herufi Zisizofanya Kazi

Katika kila kiwanda msimamizi huwajua watu wa namna mbili: wale wafanyao kazi, na wale waonekanao siku ya mshahara tu. Lugha ya Kiingereza nayo ina wafanyakazi 26, ndio herufi zake, na miongoni mwao wamo wavivu wasio kifani. K wa neno "knife" husimama mlangoni asubuhi hata jioni bila kufungua kinywa. B wa "debt" hali kadhalika. W wa "write" ametangulia mbele ya wenzake kama mnyapara, wala hashiki jembe. Na C ndiye mjanja kupita wote. Asiposhikana mkono na H, hana kazi iliyo yake mwenyewe. Leo hufanya kazi ya S, kesho hufanya kazi ya K, na posho hupokea kila siku. Sisi tuliofundishwa ya kwamba asiyefanya kazi na asile, twashangaa jinsi lugha ya taifa lisifikalo kwa biashara ilivyokubali kulisha kupe wengi namna hii.

Si sisi tu tunaoshangaa. Wenyewe Waingereza na ndugu zao wa Marekani wamekuwa wakitoa mashauri ya kuzitengeneza tahajia zao kwa zaidi ya miaka 200, mengine kwa dhati na mengine kwa mzaha. Leo twapenda kuyatazama mashauri hayo, kwanza tucheke, maana kicheko hakilipiwi kodi. Kisha tuwaze, kwa kuwa chini ya kicheko hicho limelala jambo linalomhusu sana mfanyakazi wa kwetu.

Tuanze na mzaha. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Liko neno "ghoti" ambalo wacheshi hulitoa kama fumbo. Chukua "gh" kama inavyotamkwa mwishoni mwa "enough". Chukua "o" ya "women". Chukua "ti" ya "nation". Ukiziunganisha umepata "fish", yaani samaki. Watu wengi humpa sifa ya fumbo hili mwandishi mashuhuri George Bernard Shaw, lakini lilikwisha kuandikwa katika barua ya mwaka 1855, na Shaw alizaliwa mwaka 1856. Hata samaki huyo, basi, amevuliwa na mmoja na kuuzwa kwa jina la mwingine.

Mwaka 1946 gazeti la hadithi za kubuni la Marekani liitwalo Astounding Science Fiction lilichapa makala ya Dolton Edwards, yenye shauri la kuzitengeneza tahajia kidogo kidogo, mwaka kwa mwaka. Kwanza anaachishwa kazi C, mahali pake washike S na K. Kisha herufi zilizokaa mbili mbili zipunguzwe ibaki moja. Kisha wavivu wengine wafuate. Ucheshi wake ni huu: kila sheria mpya ikisha kutangazwa, mwandishi huifuata papo hapo katika sentensi zinazofuata. Msomaji aanzaye katika Kiingereza safi hujikuta mwishoni amezama katika maandishi ambayo hata Mwingereza mwenyewe huyasoma kwa kunong'ona, kidole kikifuata mstari. Wala hakuna hatua hata moja ambayo, ukiitazama peke yake, ilikuwa ya kipumbavu.

Tukitoka katika mzaha tukaingia katika mambo ya dhati, twakuta ya kuchekesha zaidi. Benjamin Franklin, mmoja wa waasisi wa Marekani, alitunga alfabeti mpya mwaka 1768; akawafukuza C, J, Q, W, X na Y, na kuwaajiri wapya sita. Hakuna aliyemfuata. Baada yake alikuja Noah Webster, bingwa wa makamusi. Baadhi ya mashauri yake yalishika, na ndiyo sababu Mmarekani huandika "color" na "center". Lakini alipotaka watu waandike "tung" kwa maana ya ulimi na "wimmen" kwa maana ya wanawake, watu walimwachia ulimi wake na wanawake wake.

Mwaka 1906 tajiri Andrew Carnegie alitoa fedha zake kuisaidia halmashauri ya kurahisisha tahajia, na Rais Theodore Roosevelt akakiamuru kiwanda cha uchapaji cha Serikali kifuate orodha ya maneno 300 ya halmashauri hiyo. Yamkini Rais alidhani ya kwamba aliyezoea kuamuru manowari hatashindwa na herufi. Lahaula! Magazeti yalimdhihaki pande zote za bahari, na mwezi wa Desemba mwaka ule ule wajumbe wa Bunge la Marekani walimpinga kwa kura 142 kwa 24. Rais akasalimu amri. Baadaye, mwaka 1934, gazeti la Chicago Tribune lilijitwika mzigo huo peke yake, likawa likiandika "tho" na "thru". Nalo likautua mwaka 1975.

Huko Uingereza mbunge mmoja wa chama cha Labour, Mont Follick, alipeleka Bungeni mwaka 1949 muswada wa kurekebisha tahajia. Ulishindwa kwa kura tatu tu, 87 kwa 84. Wasomaji wetu watamwelewa mheshimiwa huyu tukiwaambia ya kwamba jimbo lake liliitwa Loughborough. Jina hilo lina "ough" mara mbili, na kila moja ina mlio wake mbali! Mtu aliyelazimika kuliandika jina hilo kila siku ana haki ya kulalamika mbele ya Bunge lolote duniani.

Ama Shaw, alipofariki mwaka 1950 aliacha wasia kwamba sehemu ya mali yake itumike kutunga alfabeti mpya ya herufi zisizopungua 40. Hoja yake kubwa ilikuwa ya uchumi: jasho, wino na karatasi vinavyopotea kila siku kwa kuandika herufi zisizo na kazi. Warithi wengine walikwenda mahakamani, na mwaka 1957 jaji akakata ya kwamba kifungu kile cha wasia hakina nguvu. Kwa mapatano zilipatikana pauni 8,300. Alfabeti ikatungwa, na mwaka 1962 ukachapishwa kwa herufi hizo mchezo wake mmoja, Androcles and the Lion. Kitabu kikatoka, watu wakakitazama kama watazamavyo mnyama mgeni, kisha wakarudi kwa K wa "knife".

Sasa tuulize: kwa nini watu wenye akili, mali na mamlaka wameshindwa kumfukuza mvivu mmoja? Sababu ya kwanza ni historia. Hapo kale K wa "knife" alitamkwa kweli kweli. William Caxton alileta mtambo wa kupiga chapa Uingereza mwaka 1476, na tahajia zikaanza kuganda katika risasi ya wapiga chapa, hali matamshi yakiendelea kubadilika vinywani mwa watu. B wa "debt" alitiwa na wanazuoni waliotaka neno lifanane na Kilatini. Na S wa "island" alitiwa kwa makosa tu, kwa kudhaniwa ni wa ukoo mmoja na neno jingine. Sababu ya pili ni hii: ukisema tuandike kama tunavyotamka, nani atamkaye? Mtu wa London, wa Scotland, au wa Chicago? Kila mmoja ana sauti zake.

Lakini iko sababu ya tatu, nayo ndiyo inayotuhusu. Tahajia ngumu ni bawabu. Aliyelipa gharama ya kupita mlango mwembamba hapendi mlango upanuliwe kesho yake. Mtoto wa tajiri hupewa mwalimu wa nyumbani, na wakati wa kukariri. Mtoto wa kuli hupewa aibu. Mwaka 2003 ulichapishwa uchunguzi juu ya watoto wa lugha 13 za Ulaya waliokuwa mwishoni mwa mwaka wa kwanza wa shule. Watoto wa lugha nyingi waliweza kusoma sawasawa maneno ya kawaida zaidi ya tisa katika kila kumi. Watoto wa Scotland wasomao Kiingereza waliweza theluthi tu. Je, watoto wa Scotland ni wajinga? La hasha. Ni kwamba wenzao wanapanda ngazi, na wao wanapanda mnazi.

Ikiwa huo ndio mzigo wa mtoto aliyezaliwa ndani ya Kiingereza, mtasemaje juu ya mtoto wa Tandahimba au wa Kwale? Kwetu sisi bado yuko fundi aliyeshughulika na mitambo miaka 20, aijuaye injini kwa sauti yake kama mama ajuavyo kilio cha mwanawe, ambaye barua yake ya kuomba cheo huwekwa kando kwa kuwa ameandika "recieve" badala ya "receive". Herufi mbili zimebadilishana viti, na mtu amepoteza mkate. Huko si kupima ufundi. Ni kumpima mtu kwa deni la wanazuoni waliokwisha kuzikwa.

Tena hapa pana jambo la fahari ambalo watu wetu hawajalitambua. Kazi iliyomshinda Roosevelt na amri yake, Carnegie na dola zake, Shaw na wasia wake, imefanywa na makuli wa bandarini, mafundi wa reli na wauza maduka wa kwetu, pasipo halmashauri wala ruzuku. Waliletewa "receipt", wakamwondoa P aliyelala ndani yake, wakaandika risiti. Waliletewa "biscuit", wakaandika biskuti. "Licence" wakaifanya leseni, "station" ikawa stesheni, "screw" ikawa skrubu, "week" ikawa wiki. Hata Wajerumani walipoleta "Schule", tulimwambia C, "Ndugu, hapa huna kazi," tukaandika shule. Isitoshe, Mwingereza hana ila "th" moja ya kuandikia sauti mbili. Sisi twaandika dhahabu kwa dh na thamani kwa th, na mtoto hapotei njia.

Hatusemi haya ili tujivune kupita kiasi, maana nyani haoni kundule. Tahajia yetu nayo ilikatwa na watu. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Unguja iwe msingi, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikaendelea kusanifisha maandishi. Watu wa Mvita wana haki ya kusema ya kwamba masikio yao hutenga paa la nyumba na paa wa porini, hali kalamu haitengi. Nasi sote twaandika barabara ya magari na kazi iliyofanywa barabara kwa herufi zile zile, ingawa sauti hupanda mahali mbalimbali. Hata hivyo dosari hizo ni nyufa, hazijawa magofu. Katika Tanzania ya mwaka 1967 kadiri ya watu wazima wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. Kwa hesabu za Serikali za mwaka 1986, wasiojua walikuwa hawafiki mmoja katika kila kumi. Juhudi za walimu na za wananchi zilikuwa kubwa. Lakini fikirini wazee wale wangalitakiwa kukariri "ough" na milio yake mingi!

Kwa hiyo twahuzunika tuonapo vijana wetu, katika ujumbe wa simu, wakiandika "xaxa" kwa sasa, na "2taonana" kwa tutaonana. Waingereza wamehangaika karne mbili kuwatoa wavivu kazini, nasi twamwajiri X, ambaye hatukuwa na haja naye, tumnyang'anye S kazi yake bila kosa! Mzaha wa marafiki hauna neno. Lakini mwalimu akiona mazoea hayo yameingia katika daftari, na ayarekebishe mapema, kwa upole.

Basi maoni yetu ni haya. Tahajia ya Kiingereza tuwaachie wenyewe. Nyumba ni yao, nao ndio wajuao wapi inavuja. Anayehitaji Kiingereza kwa kazi yake na afundishwe vizuri, aambiwe na historia ya herufi hizo, apate kujua ya kwamba ugumu ule si ukosefu wa akili zake. Lakini mkataba wa kazi, tangazo la hatari penye mashine, fomu ya likizo na hukumu ya shauri la mfanyakazi, vyote na viandikwe kwa Kiswahili. Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Waajiri na maofisi wasingoje kusukumwa wafuate njia hiyo. Na anayemchagua fundi amtazame mikono yake na kazi yake, asimtazame I na E waliobadilishana viti.

K wa "knife" na aendelee kulala kwao. Kwetu sisi kisu kina herufi nne, na zote nne zinafanya kazi.