Maghala ya silaha yakae mbali na nyumba zetu

Anayepanda gari moshi la SNCC pale Kabondo-Dianda kwenda Kamina anaelekea mji wenye moja ya kambi kubwa za kijeshi nchini. Wabelgiji waliijenga baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Kambi ina silaha, na silaha zina baruti. Jeshi lisilo na risasi si jeshi. Lakini nani anakagua jinsi zinavyotunzwa?

Wengi hudhani bomu la zamani limeshakufa. Sivyo. TNT, ambayo majeshi yameijaza kwenye makombora tangu mwanzo wa karne ya 20, hudumu miaka mingi ndani ya ganda la chuma. Baruti ya kurushia ndiyo inayoharibika: ikikaa muda mrefu kwenye joto bila kupimwa, inaweza kuwaka yenyewe. Na joto kwetu halikosekani.

Hatuhitaji kwenda mbali kupata mifano. Aprili 2000 ghala lililipuka uwanja wa ndege wa N'djili, Kinshasa. Tarehe 4 Machi 2012 ikawa Mpila, Brazzaville: zaidi ya watu 200 walikufa, na kishindo kilisikika ng'ambo ya mto, Kinshasa. Januari 2014 radi ilipiga ghala la jeshi Mbuji-Mayi na kuua watu wasiopungua 20. Dar es Salaam ilipata msiba Mbagala mwaka 2009. Uchunguzi ukafanyika, na kabla miaka miwili haijaisha Gongo la Mboto nayo ikalipuka.

Kote huko adui hakuwepo. Hizo si vita, ni uzembe wa kuhifadhi silaha katikati ya watu. (Madaraja ya Lufira yalipolipuliwa Januari 1963, angalau aliyefanya hivyo alikusudia: alitaka kuwazuia askari wa Umoja wa Mataifa wasifike Jadotville, Likasi ya leo.)

Tutaambiwa ni siri ya jeshi. Idadi ya makombora iwe siri, sawa. Umbali kati ya ghala na shule si siri, kila mama anayepita pale na ndoo ya maji anauona. Wabunge wa Haut-Lomami wanaweza kuuliza mambo matatu tu katika kikao cha Septemba: baruti ilipimwa lini mara ya mwisho, ghala lina kinga ya radi au halina, na watoto wanaookota vyuma vya kuuza wamefundishwa na nani wasiguse kombora.